Sonona bila machozi: jinsi nilivyoikabili

Watu wengi wakisikia sonona, ugonjwa wa akili ambao kwa Kiingereza huitwa depression, humfikiria mtu aliyejifungia chumbani analia. Mimi sikulia. Kila asubuhi nilifungua duka langu la vipuri vya pikipiki hapa Morogoro, nikacheka na wateja, nikarudisha chenji sawasawa. Kilichoniuma ni kichwa, mgongo na tumbo. Usingizi ulikatika saa tisa usiku, nikabaki macho hadi adhana ya alfajiri. Na hasira! Mtoto akidondosha kikombe, nafoka mpaka majirani wanasikia.

Kwa dalili hizo, kwetu unapimwa malaria. Nikapimwa malaria, kisha homa ya matumbo, kisha vidonda vya tumbo, na dawa nikameza. Siwalaumu walionihudumia, maana nilichowaeleza ni maumivu ya mwili tu, na maumivu yenyewe yalikuwa ya kweli. Sonona huvuruga usingizi, hamu ya kula, nguvu, hata tendo la ndoa. Sisi wanaume mara nyingi tunaonekana wakali au walevi kabla hajatokea mtu wa kuhisi kwamba tunaumwa.

Mke wangu ndiye aliyeshtuka. "Baba, hii siyo malaria. Siku hizi hata Simba ikicheza huulizi matokeo."

Akanisindikiza hospitali, tukaelekezwa kitengo cha afya ya akili. Mlangoni nilisita. Mtaani ukitaja kitengo hicho, watu wanasema unapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na kwao Mirembe ni ya waokota makopo. Kwenye benchi nilikuta mama mwenye mtoto mgongoni, mwanafunzi wa chuo, na mzee aliyekumbatia faili lake.

Muuguzi aliniuliza kuhusu wiki 2 zilizopita: nalalaje, nakulaje, bado nafurahia nilivyovipenda, najiona nina thamani? Nikatolewa damu pia, kwa sababu upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu kama ule. Kisha, kwa sauti ileile, akauliza kama nimewahi kufikiria kujiua. Wapo wanaoamini swali hilo humpandikizia mtu wazo. Mimi wazo nilikuwa nalo tayari, na nilikuwa nalo peke yangu. Kuulizwa kulinipa pumzi. Tukakubaliana mke wangu aelezwe, na vitu vya hatari nyumbani avihifadhi yeye.

Nikaandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona, nimeze asubuhi. Siku za mwanzo nilipata kichefuchefu na sikuona nafuu yoyote. Daktari alikuwa ameshanitahadharisha kwamba nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 6, na bila maneno hayo ningeviacha vidonge mapema. Ndugu walinionya nitakuwa teja. Dawa hizi hazimlevyi mtu wala kumtia kiu ya kuongeza dozi. Ila hazikatwi ghafla, kwani unaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi. Daktari hupunguza taratibu, tena baada ya kuendelea nazo miezi mingine 6 hadi 12 tangu upate nafuu.

Mama alikuwa na lake. "Mwanangu, duka unalo, watoto unao, sasa unakosa raha ya nini?" Swali hilo liliniumiza kuliko yote, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikijiuliza. Wako wanaougua baada ya msiba au kufukuzwa kazi, na wako wanaougua mambo yao yakiwa yamenyooka. Mama aliona kuna mkono wa mtu. Sikubishana naye. Nilimwomba anisomee dua, akanisomea, na asubuhi nikameza kidonge changu.

Mshauri naye alinipa kazi: kila siku nifanye jambo moja dogo, niwe na hamu au nisiwe nayo. Nikaanza kumsindikiza mtoto shuleni kwa miguu. Usingizi ulirudi kwanza, kisha chakula. Hasira ilichelewa sana, na kwa hiyo nilikaa na wanangu nikawaeleza kwamba baba alikuwa anaumwa, wao hawakuwa na kosa lolote.

Sasa kijana wa duka la jirani analalamika kichwa, na cheti chake kinaonyesha hana malaria. Nimemwambia akirudi kwa daktari asiishie kwenye kichwa, aseme pia anaamka saa ngapi usiku na ni lini mara ya mwisho alifurahia jambo. Alhamisi nitamwachia mke wangu duka, nimsindikize.