Kutoka Maji ya Sabuni hadi Wavu wa Chuma: Otto na Saraceno

Deni kubwa la sanaa ya kisasa kwa usanifu majengo wa majaribio, kwa mtazamo wangu, haliko katika maumbo ya kushangaza bali katika namna ya kufanya kazi, na aliyenishawishi zaidi katika hili ni msanifu majengo Mjerumani Frei Otto.

Otto alipotaka kujua paa jepesi liweje, hakutegemea kalamu peke yake. Alikunja waya kwa kufuata kingo za paa alilolikusudia, akauchovya katika maji ya sabuni, akautoa taratibu. Utando unaobaki hujivuta kwa nguvu sawa pande zote mpaka uwe mdogo kadiri inavyowezekana, na kwa hiyo hakuna sehemu yake inayoelemewa kuliko nyingine. Aliupiga picha na kuupima kabla haujapasuka. Majaribio ya namna hiyo ndiyo yaliyofungua njia ya banda la Ujerumani katika Maonyesho ya Dunia huko Montreal mwaka 1967 na mapaa ya Uwanja wa Olimpiki wa Munich wa 1972, aliyoyafanyia kazi pamoja na Günter Behnisch na wenzake.

Tomás Saraceno, aliyezaliwa Argentina mwaka 1973, alisomea usanifu majengo kabla ya kuingia katika sanaa. Mwaka 2013 alitandaza nyavu za chuma za tabaka tatu katika jumba la sanaa la K21 mjini Düsseldorf, Ujerumani, zaidi ya mita 25 juu ya sakafu, tabaka hizo zikitenganishwa na mipira mikubwa iliyojazwa hewa. Wageni hupanda na kutembea humo. Mmoja akipiga hatua, mtikisiko wake huwafikia wengine, na wavu hubadili mkao kwa uzito wa kila anayeingia. Msanii hakuamua umbo la mwisho, kama vile Otto asivyoliamua la utando wake.

Kazi zinazoazima mikunjo ya majengo ya Otto bila kuazima subira hiyo ya kuliacha umbo lijitokeze lenyewe naziona kuwa mapambo tu.

Hata hivyo, ninayoithamini zaidi ni kazi ambayo Saraceno aliianzisha mwaka 2007, ambapo wakazi wa miji mbalimbali hukusanya mifuko ya plastiki iliyokwisha kutumika, wakaiunganisha kuwa puto kubwa linalopaa kwa joto la jua bila mafuta. Hapo ukubwa, rangi na umbo hutegemea mifuko ambayo watu wameileta, na mbinu ya maabara ya msanifu inakuwa mikononi mwa mtu yeyote mwenye mkasi na utepe wa gundi.