Nilivyokipanga upya chumba cha polishi ili thina isije ikatuunguza

Karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam, katikati ya mafundi wenzangu wa vitanda, makabati na sofa. Hatari za upande wa kuranda kila mtu anaziona: msumeno unakata, na kijana mgeni hahitaji kuambiwa mara mbili. Kilichoninyima usingizi ni chumba cha polishi. Humo kulikuwa na pipa la lita 200 la thina, yaani kimiminika cha kuzimulia vanishi na kuoshea vifaa, makopo ya vanishi, kompresa, feni, soketi za umeme, na hatua chache nje ya mlango lilikuwepo jiko la mkaa la mama lishe anayetulisha mchana.

Nilianza kwa kumwomba muuzaji karatasi ya usalama ya ile thina. Kemikali ya kiwandani huwa na karatasi hiyo, yenye sehemu 16, na muuzaji anayeijua kazi yake anayo. Huyu alisita kidogo, akaniambia wateja huwa hawaiulizi, kisha akanitumia kwenye simu. Thina yetu ilikuwa mchanganyiko, na sehemu kubwa ni toluini na asetoni. Mengine niliyapitia haraka, nikakaa sana kwenye sehemu ya 9, inayoeleza tabia za kimiminika chenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa ninapambana na nini.

Thina yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Toluini hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia nyuzi joto 4 tu, na asetoni kuanzia nyuzi 20 chini ya sifuri. Mafuta ya taa yanahitaji kufika kama nyuzi 38, ndiyo maana tumezoea kuyamimina karibu na kibatari bila kupata madhara, na mazoea hayo tunayahamishia kwenye thina. Kwa joto la Dar es Salaam, kopo la thina lililo wazi lina mvuke tayari, usiku na mchana, Januari na Julai. Petroli ina tabia hiyohiyo. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikusanyika kuchota mafuta kwenye lori lililopinduka, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Sisi tulikuwa tunachota kimiminika cha jamii hiyo kila siku asubuhi.

La pili ni uzito. Mvuke wa toluini ni mzito mara tatu kuliko hewa, wa asetoni mara mbili. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango na kutafuta mtaro. Ukikutana na moto huko mbele, mwali unarudi nyuma kwa njia ileile hadi kwenye kopo. Nikalitazama tena lile jiko la mkaa, na sikutaka kungoja hata wiki.

Mama lishe ni mtu mzima, na amepika mahali pale kabla sijafungua karakana. Nilimwendea jioni akiwa anaosha masufuria. "Shikamoo mama. Nina ombi, na si kukufukuza." Nikamweleza kuhusu mvuke unaotambaa. Aliniuliza swali ambalo mafundi wangu hawakuwahi kuniuliza: "Upepo unatoka wapi mchana?" Tukasimama pamoja kuutazama, na kwa kuwa upepo wa pale hubadilika, tukakubaliana ahamie upande wa pili wa ukuta wa matofali, ng'ambo ya geti, na banda jipya nigharimie mimi. Wateja wake wengine hawakupotea, maana sasa yuko jirani zaidi na barabara.

Fundi wangu mkuu wa polishi ndiye aliyekuwa mgumu. "Bosi, mimi thina naijua, nimekua nayo." Sikubishana na uzoefu wake. Nilimwomba tu, siku moja baada ya kuosha bunduki ya kupulizia vanishi, achuchumae karibu na mlango kisha asimame, aniambie harufu iko wapi zaidi. Alisimama akasema, "Iko chini." Toka hapo tulipanga pamoja. Hata hivyo pua haifai kuwa kipimo chetu: ikikaa na toluini kwa muda inazoea, na mtu anasema harufu imeisha wakati bado ipo tele.

Tulianza na umeme. Swichi, soketi na kompresa vyote vilitoka chumbani, na hewa ya kupulizia vanishi sasa inaingia kwa mpira mrefu unaopita ukutani. Feni ilinichanganya kidogo. Mwanzoni nilitaka feni ya kunyonya, ifungwe ukutani itoe mvuke nje. Lakini mota ya feni ya kawaida inaweza kutoa cheche, na ingekuwa inauvuta mvuke upite juu yake. Feni zilizotengenezwa maalumu kwa mazingira ya mvuke unaowaka zipo, ila bei yake ilinishinda. Kwa hiyo niliigeuza kazi: feni imekaa nje, upande wa hewa safi, inasukuma hewa kuingia, na ukuta wa pili nimetoboa matundu makubwa usawa wa sakafu, yanayotazama uwanja usio na moto wala mtaro. Taa tuliziondoa kabisa. Juu tuliweka mabati yanayopitisha mwanga, na kazi ya kupulizia inafanywa mchana tu. Simu zinabaki nje, sigara haina mjadala.

Pipa nalo lilihamia kwenye kibanda chake chenye kivuli na wavu pande zote. Watu wengi hawajui kwamba thina ikimiminwa hujitengenezea umeme tuli, hasa ikiingia kwenye dumu la plastiki, na cheche moja ndogo isiyoonekana inatosha. Sasa tunachota kwa makopo ya chuma. Pipa limefungwa waya wa athi unaokwenda kwenye fimbo iliyozamishwa ardhini, na waya mwingine wenye vibanio unaliunganisha pipa na kopo kabla ya bomba kufunguliwa. Tunamimina taratibu, na kopo linafunikwa palepale. Chupa za maji ya kunywa ni marufuku kabisa kuwekea thina. Naisisitiza hii kwa sababu karakana zetu zina watoto wanaopita. Mtoto akinywa thina, msimtapishe, maana ikirudi juu inaweza kuingia kwenye mapafu. Akimbizwe hospitali pamoja na kopo au lebo yake.

Ninaloliona zito kuliko yote ni pipa tupu. Pipa lililojaa lina nafasi ndogo ya mvuke. Pipa lililoisha lina matone machache chini, na juu yake kumejaa mchanganyiko wa mvuke na hewa. Toluini inaweza kulipuka ikiwa asilimia 1 na kidogo tu hadi 7 ya hewa hiyo, na matone yaliyobaki yanatosha kabisa kufikisha kiwango hicho. Halafu mafundi chuma wanayataka mapipa hayo kwa kutengenezea majiko, wanayakata kwa grenda au gesi. Niliwahi kusikia mlipuko wa namna hiyo mtaa wa nyuma, mfuniko ukaruka juu ya paa, na kijana aliyekuwa anakata akaungua vibaya mikono na uso. Mimi siuzi tena pipa tupu mtaani, hata nikipewa bei nzuri. Nalifunga vizibo vyake na kulirudisha kwa muuzaji, na hilo ni sharti la mimi kununua kwake.

Matambara yana ndoo ya chuma yenye mfuniko, inayotolewa nje kila jioni. Yale yenye mafuta ya kitani tunayalowesha maji kwanza, kwa kuwa yakirundikwa hupata joto yenyewe mpaka yakawaka bila kuguswa na moto. Vumbi kavu la vanishi ya NC, yaani ya nitroselulosi, linalogandia ukutani linashika moto upesi sana pia, hivyo tunalilowesha na kulikwangua kwa ubao, si kwa chuma. Mlangoni kuna mtungi wa poda wa kuzimia moto na ndoo za mchanga. Maji hatuyatumii kwenye moto wa thina, maana toluini huelea juu yake na moto unasambaa nayo. Namba 114 ya Zimamoto imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

Kwenye barakoa nilitumia pesa na sijuti. Zile za kitambaa huzuia vumbi tu, mvuke unapita. Kinachofaa ni kichujio cha mkaa chenye mstari wa kahawia, na kwa kuwa asetoni huchemka kwa nyuzi 56, tunatafuta kilichoandikwa AX, yaani cha mvuke wa vimiminika vinavyochemka kwa joto dogo, hata kama si rahisi kukipata. Fundi wangu alikuwa akirudi nyumbani na kichwa kizito kila jioni, akidhani ni jua. Sasa anasema kinamuuma mara chache mno.

Kilichobaki kunisumbua ni masika. Mvua ikipiga, vijana wanataka kufunga matundu, na hewa yenye unyevu inaifanya vanishi ya NC iwe nyeupe kama maziwa juu ya mbao, mteja anaikataa. Thina inayokauka polepole inasaidia kidogo. Lakini kufunga chumba sikubali. Mvua ikikaza, hatupulizii, tunapiga msasa na kufanya kazi nyingine, na mteja nampigia mapema kumwambia kabati lake litachelewa.