Nyekundu Hukaa Mbele

Nilikuwa nimeshapuliza vanishi ya mwisho, ile isiyong'aa, ndipo nikaigeuza Spitfire yangu, mfano mdogo wa ndege ya kivita ya Uingereza, upande wa kushoto na kuona buluu imekaa mahali pa nyekundu.

Kibendera cha mkiani, ile alama ya nyekundu, nyeupe na buluu kwenye ndege za Uingereza za Vita vya Pili vya Dunia, kina kanuni yake: nyekundu huelekea puani, upande wa kushoto na wa kulia vilevile. Kulia nilikuwa nimepatia. Kushoto nilikuwa nimebandika dekali, ile picha nyembamba inayobandikwa kwa maji, kichwa chini miguu juu. Ilipokuwa bado inateleza kwenye maji, ningeizungusha nusu duara kwa ncha ya brashi na habari ingeishia hapo. Sasa ilikuwa imekauka chini ya vanishi, tena mikono miwili.

Kibendera halisi kilikuwa na upana wa sentimita 61. Kwenye skeli ya 1/72, yaani mfano uliopunguzwa mara 72, hiyo ni milimita nane na nusu; ukucha wa kidole cha mwisho unakifunika.

Nikamwonyesha mdogo wangu. Akaitazama kushoto, akaigeuza kulia, akairudisha tena kushoto. "Kaka, kwani kuna mtu atakayeziona pande zote mbili kwa mpigo?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana nilikasirika.

Ajabu ni kwamba ndege hiyohiyo ilikuwa na kosa kubwa zaidi ambalo halikuninyima usingizi hata kidogo. Ile mistari ya Normandy, mitatu myeupe na miwili myeusi, waliyopakwa ndege za Washirika kwa ajili ya uvamizi wa Normandy, mmoja wake ulikuwa umepinda karibu na tumbo. Huo niliusamehe papo hapo. Mistari halisi ilipakwa mbiombio siku chache kabla ya tarehe 6 Juni 1944, mingine kwa brashi za kawaida, na kwenye picha za wakati ule utaona kingo zikiyumba. Mstari wangu ulikuwa na wa kuutetea. Kibendera hakikuwa na wakili.

Nilifikiria kukibandua kwa selotepu, nikaogopa kisije kikaondoka na rangi ya kijani iliyo chini yake. Kwa siku tatu nikawa naiweka ndege rafuni upande wa kulia ukinitazama, kisha naijia tena na kuigeuza, kama mtu anayegusagusa jino bovu kwa ulimi.

Siku ya tatu usiku nikaona jambo ambalo ningepaswa kuliona tangu mwanzo: mstari mweupe wa katikati ulikuwa mahali pake. Ugeuze usigeuze, nyeupe haihami. Kilichotakiwa ni nyekundu na buluu kubadilishana nyumba tu.

Basi nikakata kipande cha utepe chembamba kuliko milimita moja cha kuukinga ule mweupe. Vya kwanza vinne nilivitupa. Kukata kulichukua muda mrefu kuliko kupaka. Nikatanguliza nyeupe pande zote mbili za utepe, maana nyekundu ikipakwa juu ya buluu huwa kama damu iliyoganda, kisha nikapaka rangi zenyewe, moja baada ya nyingine. Nilipoubandua utepe sikuwa navuta pumzi.

Nyekundu ilikaa mbele. Ila ilikuwa imekolea kidogo kuliko ile ya dekali upande wa pili. Nikaigeuza ndege kulia, brashi ingali na rangi, ncha ikakaribia mkia kabisa.

Nikalikumbuka swali la mdogo wangu. Nikainuka nikaenda kuosha brashi.