Kamba Iliyofungwa Mguuni

Wiki sita zimepita tangu nikabidhi filamu yangu ya kumalizia masomo. Ina urefu wa dakika 11 na sekunde 20, mhusika mmoja anayeonekana, mwingine anayesikika tu, na chumba kimoja. Niliiandika, nikaiongoza, nikaipiga picha, nikaiigiza, nikarekodi sauti yake na hatimaye nikaihariri, yote hayo bila ya kuwa nimepanga kufanya hivyo. Kundi letu lilikuwa la watu wanne. Mmoja aliacha masomo, wawili wakahamia kundi jingine lililokuwa na mswada walioupenda zaidi (na nikisema kweli, mswada huo ulikuwa bora kuliko wangu), na tarehe ya kukabidhi haikusogezwa hata kwa siku moja.

Karibu kila niliyemweleza masaibu hayo alinitajia Robert Rodriguez, aliyetoa filamu yake ya kwanza ndefu mwaka 1992 kwa takriban dola 7,000, akiwa mwenyewe ndiye mwongozaji, mpigapicha na mhariri. Mfano huo ni wa kweli, ila husimuliwa nusu. Rodriguez alikuwa na waigizaji mbele ya kamera yake, na wale ambao hawakuhitajika kwenye shoti (kipande cha picha kinachorekodiwa bila kukatizwa) walimsaidia kushika hiki na kile. Kisha kampuni iliyoisambaza filamu ilitumia fedha nyingi zaidi ya hizo kuikamilisha kabla ya kuifikisha kwenye majumba ya sinema. Mimi nilipobonyeza kitufe cha kurekodi na kwenda kuketi mbele ya lenzi, nyuma ya kamera hapakuwa na mtu.

Jambo la kwanza lililonilazimu lilikuwa kuuvunja mswada. Ulikuwa na baba na mwana wanaogombana usiku mzima, na kwa kuwa sikuweza kugombana na kiti kitupu, nilimfanya baba awe marehemu na nikambakiza mwana, anayekesha akitengeneza redio ya kaseti aliyoachiwa, ambayo ndani yake mna kanda yenye sauti ya baba. Nilidhani nimepunguza hadithi kwa sababu ya uhaba wa watu. Baadaye niligundua kwamba ugomvi wa awali ulikuwa na maneno mengi yasiyo na kazi, na kwamba mtu anayefungua skrubu kimya kimya alinipa zaidi ya kile nilichokuwa nikikitafuta kwenye kurasa 14 za majibizano.

Upigaji picha ulichukua siku tisa, na siku ya tatu ndiyo iliyonifundisha kazi niliyokuwa nikiidharau, yaani ile ya msaidizi anayeshughulikia fokasi, ule ukali wa picha. Niliweka mahali pa kukalia kiango cha nguo chenye koti langu, nikalenga fokasi kwenye ukosi wa koti, nikakiondoa kiango na kuketi mimi. Lenzi ilikuwa ya milimita 50, umbali kama mita moja na nusu, na tundu la lenzi nilikuwa nimelifungua hadi 1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana) kwa sababu nilipenda jinsi ukuta wa nyuma unavyoyeyuka. Kwa kamera yangu, vipimo hivyo huacha eneo lenye picha kali la takriban sentimita 10 tu, na mtu anayetengeneza redio huinama. Siku hiyo niliigiza kama sikuwahi kuigiza. Nilipofika mahali ambapo mwana anasikia babake akikohoa kwenye kanda, machozi yalikuja yenyewe bila kuitwa. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana sawa. Usiku, kwenye skrini ya kompyuta, nilimwona mtu mwenye uso wa ukungu akilia mbele ya pazia ambalo ungeweza kuhesabu nyuzi zake.

Nilirudia onyesho hilo kesho yake nikiwa nimelibana tundu hadi 4, hatua iliyonipa karibu sentimita 20 za kuinamia lakini ikadai mwanga mara tano ya ule wa jana, kwa hiyo nikaongeza taa na kuisogeza karibu hadi paji la uso likaanza kung'aa kwa jasho. Machozi hayakuja. Kilicho kwenye filamu ni teki (rekodi moja ya shoti) ya siku hiyo ya marudio, iliyo kali na kavu, na hadi leo sijui kama watazamaji wamepoteza kitu au la.

Kuhusu sauti nitasema machache. Nilitumia kinasa sauti kando ya kamera, na siku ya kwanza, kwa kuwa sikuwa na ubao wa kupigia, sikuona haja hata ya kupiga makofi mbele ya lenzi ili baadaye nipate alama ya kuoanishia sauti na picha. Kosa hilo lilinigharimu usiku mbili za kuoanisha midomo na maneno, fremu baada ya fremu, na fremu moja kwa kasi ya 24 kwa sekunde hudumu milisekunde 42 hivi. Kuanzia siku ya pili nilijipigia kofi na kujitangazia mwenyewe, «Onyesho la nne, teki ya pili,» kwa sauti ya heshima kabisa, ndani ya chumba kisicho na mtu mwingine. Jokofu nililizima kila niliporekodi ili lisingurume, na funguo za nyumba nikaziweka humo humo ndani, maana bila funguo nisingeweza kuondoka na kulisahau.

Kosa jingine lilijificha hadi wakati wa kuhariri. Kwenye shoti pana mwana ameshika bisibisi kwa mkono wa kulia. Kwenye shoti ya karibu, niliyoipiga siku mbili baadaye, ameishika kwa wa kushoto. Kundi lenye mtu wa kutunza mwendelezo lingeliona jambo hilo papo hapo. Nilijaribu kuigeuza picha kushoto-kulia, lakini namba zilizoandikwa kwenye redio zikageuka pamoja nayo. Suluhisho lilitoka kwenye somo la mwaka wa kwanza nililokuwa nimelihifadhi kwa ajili ya mtihani tu: majaribio yanayohusishwa na mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo uso uleule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine uliunganishwa na sahani ya supu, kisha na mtoto ndani ya jeneza, kisha na mwanamke aliyejilaza kwenye kochi, na watazamaji wakausoma kwa namna tatu tofauti. Mimi nilikuwa na shoti moja ya uso wangu, ya sekunde tisa, niliyoipiga nikisubiri lori lipite nje ili nianze kazi. Nikaitumia mara tatu: baada ya redio kukoroma, baada ya kanda kukatika, na mahali pa ule mkono wa kushoto. Mwenzangu mmoja wa darasa alinisifu baadaye kwa jinsi nilivyoigiza huzuni kwenye shoti hiyo ya tatu. Nilimshukuru, na lori sikulitaja.

Hadi hapo ungedhani shida yangu ilikuwa uhaba wa mikono. Nami niliamini hivyo mpaka nilipomaliza mkato wa kwanza, yaani toleo la kwanza lililohaririwa, uliokuwa na dakika 17, na kumpelekea mwalimu wangu msimamizi. Ndani yake mlikuwa na shoti niliyoipenda kuliko zote: kamera inatoka dirishani, inateleza polepole sakafuni hadi mezani, na kuishia kwenye mikono ya mwana. Sikuwa na reli wala mtu wa kusukuma. Nilitandika blanketi, nikaiweka kamera juu ya ubao mdogo, nikafunga kamba kwenye ubao na ncha ya pili kwenye kifundo cha mguu wangu chini ya meza, kisha nikawa naivuta kwa kurudisha mguu nyuma huku mikono ikiendelea na redio na uso ukijifanya haujui kinachoendelea huko chini. Teki 23. Zilinichukua siku nzima, na kesho yake nilichechemea.

Mwalimu aliitazama filamu yote kimya. Kisha akasema, «Shoti ile ya sakafuni iondoe.» Nilimwuliza kwa nini. Akasema, «Kwa sababu pale sitazami mwana na redio yake. Natazama jinsi ulivyohangaika.»

Nilikasirika kwa siku kadhaa, na hasira ilipopungua nikaanza kuona kilichokuwa kimenipata. Mhariri ambaye hakuwapo wakati wa kupiga picha huletewa kadi ya kumbukumbu na hajui kilichoumiza mtu. Kwake teki ya 23 na teki iliyopatikana kwa bahati ni vitu vyenye haki sawa, na kigezo chake ni kile kilicho kwenye skrini tu. Mimi nilikuwa nikihariri na mguu bado unauma. Kila nilipokaribia kuifuta shoti ile, aliyekuwa ameivuta alikuwapo kitini akinizuia, na kwa upande mwingine ile shoti ya lori, iliyonijia bure, nilikaribia kuitupa kwa sababu haikunitoa jasho. Kazi ya kundi hugawanya mzigo, kila mtu anajua hilo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba hugawanya pia kumbukumbu, ili awepo angalau mmoja ambaye hana deni kwa shoti yoyote.

Nilikumbuka pia kwamba katika siku zote tisa ni mtu mmoja tu aliyewahi kunipinga. Sauti ya baba iliigizwa na jirani yangu, mzee aliyestaafu, ambaye alikuja kwa saa moja na kusoma mistari niliyomwandikia. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho, ambapo baba anamwambia mwanawe kwamba anajivunia naye, aliiweka karatasi chini. «Mwanangu,» akasema, «baba hasemi hivi kwenye kanda. Ataona haya. Atauliza kama umekula.» Nilibishana naye kidogo, kwa adabu, kisha nikamwacha aseme alivyotaka. Swali hilo la kula ndilo linaloifunga filamu, na ndilo watu walilolitaja walipotoka ukumbini. Hakuna hata mmoja aliyetaja kitu nilichokuwa nimekiandika mwenyewe.

Kwa hiyo nilijaribu kujitengenezea mtu wa pili kwa njia za mkato. Niliifunga kazi yote kwenye diski ya nje na kukaa siku kumi bila kuigusa. Kisha nikamwalika dada yangu aitazame, na badala ya kutazama skrini nikamtazama yeye. Sikumwuliza maoni, kwa kuwa ananipenda na angeniongopea. Dakika ya nne aliinama mbele. Dakika ya nane alijikuna mkono, akatazama dirisha, akaigusa simu yake bila kuiwasha. Niliandika muda huo kwenye daftari, na nilipoufungua kwenye programu ya kuhariri nikakuta hapo hasa mwana anafungua redio kwa mara ya pili, nilichokuwa nimekiweka kwa sababu skrubu zile ndogo zilinisumbua sana kuzipiga picha. Nikakata. Kutoka dakika 17 nilishuka hadi 13, na shoti ya sakafuni ndiyo niliyoiondoa mwisho kabisa, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, pamoja na mabaki mengine ya dakika moja na nusu hivi yaliyokuwa yakiitegemea.

Orodha ya majina mwishoni ilinipa taabu nisiyoitarajia. Mara ya kwanza niliandika kazi zote na jina langu mbele ya kila moja, mistari minane, nikaitazama ikipanda kwenye skrini na kuona aibu, maana ilisomeka kama malalamiko. Nikaandika jina langu mara moja, chini yake jina la mzee kama mwigizaji na kama mwandishi wa mazungumzo ya ziada. Nilipompelekea nakala alisimamisha picha kwenye jina lake, akauliza neno «mwandishi» limetoka wapi, na nilipomweleza akacheka hadi akakohoa, kikohozi kilekile cha kwenye kanda.

Ile shoti ya sakafuni sikuifuta. Iko kwenye folda niliyoiita «nisifute», na juzi, nikitafuta kitu kingine, niliifungua na kuitazama kwenye skrini kubwa. Inateleza vizuri kuliko nilivyokumbuka. Dirisha, sakafu, mguu wa meza, mikono. Na katika sekunde mbili za mwisho, kwenye kona ya chini kulia, kamba inaonekana, imenyooka, nyeupe, inaingia chini ya meza. Nilikuwa nimeitazama shoti hiyo labda mara mia.