Kushuka ziwa na Liemba

Wakati huo Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa bado inakwenda. Gati la Kigoma lilijaa tangu mchana: magodoro, baiskeli, madumu ya mawese, makuli wakipaza sauti watu wapishe. Nilikata daraja la pili, nikakuta chumba kina joto la kukaushia dagaa. Nikahamia sitahani na mkeka wangu.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kirando, anarudi kwake na mafurushi ya vitenge. "Hii ya Mjerumani, mwanangu," akaniambia, akigonga chuma kwa kisigino. Kweli. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikajaza makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, isije ikatekwa, mitambo wakiwa wameishindilia grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini.

Kiwanda kilekile, Meyer Werft, siku hizi kinaunda meli kubwa za kitalii, zenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za maonyesho. Wengi wa abiria wa meli hizo hupanda kwa ajili ya meli yenyewe. Wenye safari ya kuvuka Atlantiki walishahamia kwenye ndege. Liemba haifiki hata theluthi ya urefu wa Titanic, lakini humu kila mtu ana anakokwenda. Isipokuwa wazungu wachache wenye kamera, na mimi.

Usiku tukafika Lagosa. Hakuna gati. Honi ikalia, taa zikamulika maji, na boti za mbao zikaja mbio kutoka gizani, kila moja ikitaka kuwahi mlango wa ubavuni. Zikagongana, watu wakatukanana, kamba zikarushwa. Magunia ya dagaa yakapanda huku wanaoshuka wakining'iniza miguu wakitafuta pa kukanyaga. "Pokea mtoto!" Mtoto akapita mikononi mwa watu wanne wasiomjua, hakulia. Kuku ndio waliolalamika.

Ikawa hivyo kijiji baada ya kijiji. Kirando, mama alianza kubishania nauli na mwenye boti kabla mguu haujagusa mbao. "Elfu mbili ya nini, we mtoto? Nyumbani kwangu pale!" Akashuka, vitenge vikamfuata, na bado wanabishana boti ikiondoka.

Mimi nikaendelea hadi Kasanga. Kule gati lipo, na kushuka kwa ngazi nikakuona kama uvivu.