Siku Kozi ya Uhasibu Ilipofutwa

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: kozi ya ACCT&201 ya jioni imefutwa, waliojiandikisha hawakutosha, mwanafunzi atafute nyingine. Niliusoma nikiwa ndani ya A Line, basi jekundu linalopita Pacific Highway kusini mwa Seattle, wiki ya kwanza ya masomo ya vuli, mwishoni mwa Septemba 2018. Nilikuwa naanza mwaka wa pili katika chuo cha jamii kimoja cha upande ule, na hadi asubuhi hiyo mambo yangu yalikuwa yamenyooka.

Ili ujue kwa nini tumbo lilinikata, inabidi nieleze hesabu yenyewe. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, anayesoma ngazi yangu anatakiwa awe na angalau krediti 12, yaani pointi za uzito wa kozi, kila muhula, na chuo kinalazimika kuthibitisha hivyo kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni ulioanza kutumika mwaka 2003. Kozi za mtandaoni zipo tele, lakini katika ile 12 inahesabiwa moja tu. Robo ile, maana muhula wa chuo chetu uliitwa robo, nilikuwa na kozi tatu za krediti tano tano: uhasibu wa jioni, hisabati ya biashara asubuhi, na historia ya mtandaoni. Uhasibu ulipoondoka nikabaki na 10, na ile nafasi moja ya mtandaoni ilikuwa imeshakaliwa na historia. Nilihitaji kozi ya kukaa darasani, katika wiki ambayo madarasa karibu yote yalikuwa yamejaa.

Zipo hali chache ambazo mtu huruhusiwa kushuka chini ya 12. Ugonjwa ni mojawapo, ugumu wa lugha au wa kuzoea ufundishaji wao mwanzoni ni nyingine, halafu kuwekwa kozi isiyokufaa, na muhula wa mwisho wa masomo. Hata hapo kibali kinatangulia, kushuka kunafuata. Kozi kufutwa haimo kabisa.

Na viza haikuwa hofu yangu pekee. Mwaka uliotangulia, mshauri wangu wa masomo alikuwa amenichorea mpango wa miaka miwili katika karatasi moja, visanduku kwa penseli, robo kwa robo. Washington ina vyuo vya jamii na vya ufundi 34, na ipo njia inayofahamika ya kusoma krediti 90 hapo kwa ada nafuu kisha kuhamia chuo kikuu ukaingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Ukiona alama ya & katika namba ya kozi, jua hiyo ni kozi ambayo vyuo vyote vya jamii vya jimbo vimekubaliana namba na jina lake, haipotei njiani ukihama. Lakini anayekwenda kusomea biashara hajikusanyii tu 90 zozote. Lazima awe na uchumi mara mbili, takwimu, hisabati ya biashara, sheria ya biashara, na uhasibu wa kozi tatu: 201, 202, 203. Hizo tatu hazirukwi. Kwenye karatasi yangu zilikuwa zimepangwa vuli, baridi na machipuko, ili Juni 2019 niwe nimemaliza, niende nyumbani Morogoro, nirudi Septemba kuanza chuo kikuu. Sasa ya kwanza imedondoka, na zote zilizo nyuma yake zinasogea.

Mimi nilisoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, kidato cha tano na sita. Debiti na krediti za uhasibu nilikuwa nazijua kabla sijapanda ndege. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba kitu kinachotishia kunirudisha nyumbani ni somo ninaloliweza.

Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa na foleni hadi nje ya mlango. Mbele yangu alisimama kaka mmoja wa Bukavu niliyekuwa nikisalimiana naye maktaba. Yeye aliingia Marekani kama mkimbizi, na pale alikuwa amemsindikiza rafiki yake. Nilipomweleza akashangaa. Yeye angeweza kuchukua kozi moja, mbili, au kupumzika robo nzima, asiulizwe na mtu. Tulikaa meza moja maktaba, tukasoma vitabu vilevile, na sheria zetu zilikuwa mbalimbali kabisa. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Dada, kuko darasa ya kusema mbele ya batu. Mwalimu yake iko muzuri. Ulizia." Nikaliweka kichwani.

Mshauri wangu ni mama wa makamo, mzaliwa wa Ufilipino, aliyekuja Marekani yeye mwenyewe kwa viza ya mwanafunzi miaka mingi iliyopita. Wengine walimwita kwa jina lake la kwanza, ndiyo desturi ya kule. Mimi nilishindwa. Nilimwita Madam, kama tulivyowaita walimu wetu Morogoro, naye alikuwa ameshazoea.

"Madam, wamefuta uhasibu."

"Umebaki na ngapi?"

"Kumi."

"Ngapi za mtandaoni?"

"Tano. Historia."

"Kuna kozi nyingine umeacha au umebadilisha tangu upate ujumbe?"

"Hapana."

"Vizuri. Usiguse chochote kwenye kompyuta."

Hakuniambia pole, na wala sikuihitaji. Alitoa jalada langu, akaitandaza ile karatasi mezani, halafu akafungua orodha ya kozi zilizobaki na nafasi. Nilimwona akipitisha kidole kwenye kioo, akitaja kwa sauti ya chini: hii ya mtandaoni, hii ya mtandaoni, hii umeshasoma, hii inagongana na hisabati. Kulikuwa na uhasibu wa mchana unaofaa saa zangu, lakini umejaa na watu wanangoja. Kulikuwa na kozi za mazoezi ya viungo ambazo zingetimiza 12 bila shida. "Zingeokoa viza," alisema, "lakini mjomba wako atalipia krediti ambazo hazina kisanduku hapa." Nilishangaa kwamba alikumbuka ni nani anayenilipia. Nilikuwa nimemtajia siku ya kwanza, tulipopitia taarifa za benki zilizotumika kupata I-20, hati ya chuo ya kuombea viza. Nikamtajia darasa aliloniambia yule kaka. Akacheka, akageuza kioo nione. CMST&220, kuzungumza mbele ya hadhira, limejaa, ila wanaongoja ni wachache.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilieleza sauti yangu inabadilika. Alisimama, akamwomba mwenzake wa kaunta ashike foleni kwa muda, akavaa koti, akaniambia twende.

Siku za mwanzo zikishapita, mwanafunzi hawezi kujiingiza mwenyewe kwenye darasa lililojaa. Anahitaji fomu yenye saini ya mwalimu. Wengi hupewa hiyo fomu na kuonyeshwa mlango, wakamtafute mwalimu katika chuo chenye majengo yaliyotawanyika msituni, na kila mwalimu ana saa zake za kupatikana ofisini. Mgeni mwenye aibu, aliyelelewa kuamini kwamba mwalimu akishasema hapana basi ni hapana, anarudi na fomu tupu. Madam alilijua hilo kwa kuwa alilipitia.

Tulianza kwa mwalimu wa uhasibu wa mchana. Alitusikiliza kwa adabu, akasema chumba chake ni cha kompyuta, kila kompyuta ina mtu, na akimwingiza mmoja kwa sababu ya viza itabidi awaeleze wanaongoja tangu Agosti. Madam hakubishana naye. Alimuuliza swali moja tu: robo ya baridi atafundisha 201? Akasema ndiyo, asubuhi na mchana. Madam akaliandika kwenye kidaftari chake, akashukuru, tukatoka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona giza. Yeye alikuwa amepata alichokwenda kukitafuta kwa namna nyingine.

Mwalimu wa CMST&220 tulimkuta anakula chakula cha mchana juu ya rundo la karatasi. Alikuwa mkweli. Darasa la hotuba si kama madarasa mengine. Kila mtu anayeongezeka ni hotuba nyingine za kusikiliza na kusahihisha, na muda hauongezeki. Madam alieleza sheria ya 12 kwa sentensi mbili, halafu akanigeukia, akanyamaza.

Nikajua ni zamu yangu. Nilisema mimi ni mtoto wa kwanza kutoka kwetu kusoma nje, kwamba mjomba aliuza kiwanja chake cha Kihonda ili nije, kwamba nataka kuwa mkaguzi wa hesabu, na mkaguzi anayeogopa kusimama mbele ya bodi na kusema fedha hizi hazionekani hana faida kwa mtu yeyote. Hilo la mwisho sikulitunga kwa ajili yake. Nimeliamini tangu sekondari. Mwalimu akaweka uma chini, akaomba fomu, akasaini. Akasema hotuba ya kwanza ni wiki ijayo na hakuna nyongeza ya muda kwa aliyechelewa kuingia. Nikasema nitakuwa tayari, na nilikuwa.

Ofisi ya usajili tuliifikia kabla haijafungwa. Yule dada wa kaunta alipobonyeza na namba ikabadilika kutoka 10 kuwa 15, Madam alimwomba achapishe, akaikunja nakala, akaitia kwenye jalada.

Tuliporudi foleni ilikuwa bado ipo, lakini aliniketisha tena. Alisema viza imeshakaa, sasa turudi kwenye shahada. Akafuta kisanduku cha uhasibu wa vuli, akaandika CMST&220, ambayo hapo awali ilikuwa machipuko na ambayo kwa mwanafunzi wa biashara inaingia kwenye krediti za sanaa na lugha, kwa hiyo hakuna shilingi iliyopotea. Uhasibu 201 ukaenda baridi, 202 ukaenda machipuko. Ukabaki 203. Akachora kisanduku kipya pembeni kabisa, ambapo karatasi haikuwa na nafasi: kiangazi 2019. Kiangazi, alinieleza, mwanafunzi aliyekwishasoma mwaka mzima yuko likizo kisheria. Akitaka kuchukua kozi moja tu anaruhusiwa, ile 12 haimhusu. Halafu Septemba nikaingie University of Washington, kampasi ya Tacoma, kama tulivyokusudia.

"Na nyumbani?" niliuliza.

Hakunidanganya. Wiki chache kati ya mwisho wa kiangazi na kuanza chuo kikuu ndizo ambazo rekodi yangu ya SEVIS ingekuwa inahamishwa na I-20 mpya inatolewa. Angekuwa binti yake, alisema, asingempandisha ndege wakati huo. Chaguo lilikuwa langu: kwenda nyumbani Juni na kuchelewa kuhama, au kubaki na kumaliza kwa wakati. Hakunisukuma upande wowote. Alinipa karatasi niende nayo nikazungumze na wanaonilipia.

Hapo niseme jambo moja. Mawakala wanaotutafutia vyuo kutoka Dar es Salaam, karibu wote niliowasikia kwa wenzangu, kazi yao inakoma viza inapotoka. Hakuna anayemwambia mzazi kwamba baada ya ndege kuna krediti, kuna mfuatano wa kozi, na kwamba swali la kwanza la kukiuliza chuo ni mshauri mmoja anahudumia wanafunzi wangapi wa kigeni. Mzazi anauza shamba akiwa ameuliza bei ya ada na bei ya chumba tu. Ningeweza kupeleka neno moja kwa kila mzazi wa namna hiyo, ningepeleka hilo.

Saa tatu usiku kwangu ni saa moja asubuhi Morogoro. Nilimpigia mjomba akiwa anakunywa chai.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Kuna nini?"

Nilimweleza yote, kisha nikaipiga picha ile karatasi na kumtumia WhatsApp. Mjomba alikuwa mhasibu serikalini hadi anastaafu. Alikaa kimya muda mrefu, nikajua amevaa miwani. Alianza kuuliza kama anayekagua vocha: hii alama kama kamba iliyojikunja ina maana gani? Kwa nini hotuba imepanda juu? Kiangazi unalipia robo nzima au kozi moja? Nilipomjibu kwamba ni krediti tano tu, si ile ada kamili ya zaidi ya dola 3,000, nilisikia akipiga hesabu kwa mdomo. Akauliza nani ameuandika mpango huu. Nikamwambia mshauri wangu, aliyeacha foleni yake akatembea nami kutafuta saini.

"Aliacha ofisi?"

"Aliacha, mjomba."

"Mfikishie salamu zangu. Mwambie hesabu zake nimezipitia, zimekaa sawa." Akavuta chai. "Kiangazi baki umalize. Mama yako nitamwambia mimi."