Nilivyojifunza kutambua mkaa wa miaka milioni 420

Nimekulia kwenye mkaa. Mama aliuza kwa gunia na kwa sado mbele ya nyumba yetu Morogoro, na ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Kwa hiyo nilipopewa mada ya utafiti wa shahada ya uzamili huku Wales, nikaambiwa nitachambua mkaa wa moto wa nyika uliowaka miaka kama milioni 420 iliyopita, nilifurahi sana.

Mwamba wenyewe unatoka Ludlow, karibu na mpaka wa Wales na Uingereza. Ni tope laini la kijivu lililogeuka jiwe. Unaloweshwa kwenye asidi, na ile kali zaidi, ya hidrofloriki, anaishika fundi wa maabara peke yake, kwa sababu ikigusa ngozi hupenya hadi mfupani. Mabaki yanachujwa kwa maji, na kwenye chekecheo zinabaki chembe nyeusi, nyingi ndogo kuliko punje ya mchele.

Hapo ndipo nilipokwama. Si kila cheusi ni mkaa. Mmea uliofukiwa bila kuungua nao huwa mweusi: uzito wa miamba na joto la ardhini huugeuza taratibu kuwa kama makaa ya mawe. Nilitenga chembe hizo kwa brashi miezi miwili, nikifuata rangi na mng'ao, na msimamizi wangu alipokagua trei aligundua nimezichanganya vibaya. Usiku ule sikulala.

Jumapili nikampigia mama. Sikumweleza jiolojia, nilimuuliza tu: ukifunguliwa gunia, unajuaje kama mkaa umeiva?

"Unaugonga usikie unavyolia," akasema. "Halafu unauvunja, mwanangu. Usiutazame nje, nje wote mweusi. Ulioiva unakatika mkavu, na ndani bado unaona mti ulivyokuwa."

Kugonga chembe ya milimita moja haiwezekani, lakini kuvunja inawezekana. Jumatatu nilichukua sindano nikaanza kupasua chembe moja moja chini ya hadubini. Zile za makaa ya mawe zilikuwa bapa, zimelala kama karatasi iliyokanyagwa, ndani hazina kitu. Mkaa ulikatika ghafla, na ndani nikaona vijitundu vya mirija vikiwa wazi, vya mviringo, havikubonyea. Moto huwa umekausha na kukaza kuta zile kabla tope halijazifunika, ndiyo maana uzito wa miamba hauzilazi.

Nilitaka uhakika zaidi, nikachoma mimea ya leo kwenye tanuri la maabara, bila hewa, kila fungu kwa joto lake. Kwenye hadubini ya elektroni tofauti ilionekana: joto likishapita nyuzi 300 na kidogo, tabaka za ukuta wa seli huyeyukiana zikawa kitu kimoja. Chembe zangu za Ludlow zilizopita mtihani wa sindano zilikuwa na kuta za namna hiyo hiyo.

Nilimtumia mama picha. Akauliza, "Huo mti gani?"

Swali lake ni zito kuliko alivyodhani, maana wakati ule hapakuwa na mti hata mmoja duniani. Kulikuwa na mimea kama Cooksonia, vijiti vya sentimita chache visivyo na majani, na kitu kinachoitwa Prototaxites, chenye umbo la nguzo, ambacho baadaye kilifika hadi mita 8 na ambacho wataalamu wengi wamekiona kuwa jamaa wa kuvu. Radi ilipiga, vikaungua hivyo. Na moto hauenei oksijeni ikiwa chini ya asilimia 16 hivi ya hewa (leo ni 21), kwa hiyo kila chembe iliyoiva inatuambia kitu kuhusu hewa ya wakati ule. Mwaka 2022 watafiti Ian Glasspool na Robert Gastaldo walionyesha mkaa wa miaka milioni 430, kutoka Wales na Poland, na hamu yangu ikazidi.

Trei zote ninazirudia kwa sindano tangu ya kwanza. Imenichukua wiki tano, na hivi ninavyoandika imebaki trei moja.